Hodi Si Karibu: Kutoka Kibokoni Hadi Columbus

Jumanne, 28 Februari 2023. Mombasa

Pasipoti zimerudi leo saa 4 asubuhi. Nimezifuata mwenyewe kwa mawakala wa vifurushi, nikatia sahihi, nikavuka barabara hadi kwenye kivuli cha mwuza madafu, ndipo nikathubutu kuchana bahasha. Ni viza za kuhamia Marekani: yangu ni IR1, ya mke wa raia, na ya mwanangu ni IR2, ya mtoto wa raia. Kwenye picha nimetoka kama mtu aliyeamshwa usiku wa manane kuulizwa deni. Chini yake kuna mstari wa herufi kubwa zilizobanana, nikausoma mara tatu pale pale. Unasema kwamba viza hii, ikishagongwa muhuri, ndiyo itakuwa ushahidi wa muda wa ukaazi wa kudumu kwa mwaka 1.

Ikishagongwa. Nimelishika neno hilo nikapanda tuktuk.

Kufika nyumbani, habari imenitangulia. Jirani wa chini ananipigia vigelegele dirishani: "Hongera mama, ushapata grinikadi!" Shangazi anauliza kama sasa nitaweza kumwitia mwanawe. Kuna aliyekwisha kuulizia mashine yangu ya kushonea, nitaiacha kwa bei gani. Nikajaribu kueleza kwamba grinikadi, ile kadi ya ukaazi wa kudumu, sina, na ukaazi wenyewe pia sina. Nilicho nacho ni viza, na viza ni ruhusa ya kwenda mpaka mlangoni kwao nikapige hodi. Anayekaribisha ni afisa wa mpakani, naye ana haki ya kuniuliza upya yote niliyoulizwa ubalozini, hata kunirudisha. Wakaniona najitia unyenyekevu. Mamangu peke yake, aliyekuwa anapepeta mchele, alielewa bila kuinua uso.

"Hodi si karibu," akasema. "Basi nyamaza mpaka ukaribishwe."

Jumatano, 1 Machi. Mombasa

Babake mtoto alipiga simu saa 2 asubuhi yetu, kwake saa 6 usiku, ndio anatoka zamu. Alikuwa na kompyuta mbele yake, anataka nambari zetu za A, zile wanazosajilia wageni, na nambari za kesi alipie ile ada ya uhamiaji. Dola 220 kwa kila kichwa, mtoto naye ni kichwa, jumla 440. (Tangu Aprili 2024 imepanda hadi 235, kwa anayesoma haya sasa.) Nikamwuliza, tusipolipa watatuzuia? Akasema hapana, ada hii si ya mlangoni. Ukaazi utaupata bila kuilipa. Kadi tu ndiyo haitachapishwa. Nikaandika hilo pembeni ya daftari langu la vipimo, kati ya kifua cha bibi harusi mmoja na urefu wa buibui ya mtu mwingine.

Nitaeleza kidogo tulivyofika hapa, maana wengi huniuliza kwa nini miaka yote hii.

Mume wangu aliingia Marekani 2013 kwa bahati nasibu ya viza, kijana asiye na mke. Tulioana Mombasa 2015, binti akazaliwa 2016. Mwaka 2017 alituombea akiwa bado mkaazi wa kudumu, na ombi lile moja lilinibeba mimi na mtoto mgongoni mwangu. Mwaka 2019 akaapishwa kuwa raia. Tukasherehekea, tukapika pilau huku, naye akapika kule. Kumbe sheria ina mtego hapo: mkeo unapomwombea ukiwa raia, mtoto habebwi tena na ombi la mamake. Anataka ombi lake mwenyewe, fomu yake, ada yake. Sisi hatukulijua hilo mpaka miezi mingi imepita. Tulipoliweka sawa, ikaingia Korona, Machi 2020 balozi zao zikafunga kazi za kawaida za viza duniani kote. Hesabu mwenyewe. Mtoto alikuwa anaanza kusimama wakati ombi linaingia. Leo amekosa meno mawili ya mbele na anasoma Kiingereza kunizidi.

Alhamisi, 2 Machi. Mombasa

Kufunga mizigo. Mamangu anataka niende na ng'onda. Tumegombana.

Halua imeruhusiwa, kashata imeruhusiwa, iliki, bizari na pilipili manga nimefunga kwenye mifuko yenye maandishi. Matunda mabichi hapana, nyama hapana. Nyaraka zote kwenye mkoba wa mkononi: vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, kadi za chanjo, na ile sidii ya eksirei ya kifua changu. Mtoto hakupigwa eksirei, wa umri wake hutolewa damu tu kupimwa kifua kikuu, na alilia mpaka wauguzi wakamletea peremende. Tulipimwa Januari. Matokeo hudumu miezi 6, na ndiyo yanayoipa viza urefu wake. Ndiyo maana yetu inakufa Julai. Namjua mtu mtaani kwetu aliyengoja auze kiwanja chake kwa bei nzuri, viza ikamfia sandukuni. Kiwanja nacho hakikuuzika.

Ijumaa, 3 Machi. Mombasa

Dua baada ya Ijumaa. Watu wengi, machozi, mahamri. Mashine nimemwachia wifi yangu, sikuiuza.

Jumamosi, 4 Machi. Miritini – Syokimau

Treni ya alasiri. Mimi shilingi 1,000, mtoto 500. Mamangu alikuja mpaka stesheni ya Miritini, lakini walipoanza kuwapitisha mbwa wa kunusa kwenye mizigo akasema yeye mambo ya mbwa hapana, akaniaga pale pale, kwa haraka, kama tunaonana kesho. Nadhani ndivyo alivyotaka iwe.

Tsavo imekauka. Mvua zimekataa misimu mingi mfululizo, nyasi zimekuwa rangi ya gunia, na tulimwona ndovu mmoja tu, mwekundu wa vumbi, amesimama mbali na reli. Mtoto akauliza kama huko kwa babake kuna ndovu. Nikamwambia wapo, kwenye uzio. Akafikiri. "Basi si ndovu," akasema, akarudi kwenye dirisha.

Kaka yangu alitupokea Syokimau usiku.

Jumapili, 5 Machi. Nairobi

South B, kwa kaka. Baridi, nikajua koti nililolinunua Mombasa ni koti la jina tu. Mke wa kaka, ambaye amefanya kazi na mawakala wa safari, alinikalisha chini akanipigisha mazoezi: utaulizwa unaenda kwa nani, utakaa wapi, mlioana lini. Jibu lile lile uliloulizwa. Usiongeze hadithi.

Akaniuliza mahali pa bahasha. Wasafiri wa zamani walipewa bahasha kubwa ya kaki iliyofungwa, ole wako uifungue. Sisi hatukupewa, faili letu liko ndani ya kompyuta zao, na kwenye viza pameandikwa hivyo. Hakuniamini mpaka aliposoma mwenyewe.

Jumatatu, 6 Machi. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta

Ndege ya usiku ya moja kwa moja hadi New York, ile iliyoanza Oktoba 2018. Kwenye kaunta dada aliyetuhudumia alitafuta tiketi ya kurudi, akakuta hakuna, akainua nyusi, akaona aina ya viza, akazishusha. "Mnahamia," akasema. Hakuuliza, alisema tu, nikajisikia kama nimekamatwa na kitu.

Afisa wetu wa uhamiaji akagonga muhuri wa kutoka. Kuanzia hapo nimekuwa mtu wa hewani. Kenya nimetoka, kwingine sijaingia.

Jumanne, 7 Machi. New York

Saa kumi na tano angani, mtoto kalala kumi. Mimi sikulala. Karibu na mwisho nilifungua mkoba wake nimtafutie kitana, nikakuta ndimu tatu zimefungwa kwenye leso ya mamangu. Za kichefuchefu. Aliziingiza wakati wa kuagana. Ndimu mbichi, na mimi naelekea mbele ya watu wanaouliza kama una tunda!

Tulitua kabla ya saa 1 asubuhi. Uwanja wa JFK, jengo nambari 4, korido ndefu zenye zulia, halafu foleni. Afisa wa dirishani kijana, uso wa mtu aliyenyimwa chai. Nilimtajia ndimu kabla hajaniuliza jina. Akanitazama, akaandika kitu. Akachukua vidole vyangu vinne vya kulia, kidole gumba, vinne vya kushoto, picha. Kisha akatia pasipoti zetu mbili kwenye jalada la plastiki na kutuonyesha mlango wa kando.

Niseme hapa kwa wanaokuja nyuma: ule mlango si mbaya. Moyo wangu ulidondoka, nikadhani tumekamatwa. Kumbe mwenye viza ya kuhamia kwa kawaida hupitishwa humo, maana dirishani kule hawamalizi kazi hii.

Chumba kina viti vilivyofungwa sakafuni na tangazo la kukataza simu. Familia ya Kibangladeshi watu sita, bahasha yao ya kaki magotini mwa baba kama mtoto mchanga. Mzee wa Kighana anayemfuata bintiye. Na dada mmoja wa Kisumu tuliyekuwa naye ndege moja, akaja akakaa nasi kwa sababu ya Kiswahili.

Viza yake ilikuwa CR1. Hii ni ya mke au mume ambaye ndoa yake haijafika miaka 2, na anayeingia nayo hupewa ukaazi wenye masharti, kadi ya miaka 2, na kabla haijaisha lazima yeye na mumewe waombe tena kuondolewa masharti hayo. Mwenye IR1 hupata kadi ya miaka 10. Sasa, dada huyu ndoa yake ilikuwa imetimiza miaka 2 wiki iliyopita. Alipopewa viza ilikuwa haijatimia. "Nilikawia makusudi," akaninong'oneza. "Nilibadilisha tiketi mara mbili." Kwa sababu kinachohesabiwa si siku uliyopewa viza. Ni siku unayoingia. Alikuwa ameshika cheti cha ndoa kwa mikono miwili, kidole juu ya tarehe.

Wakamwita kabla yetu. Nilimsikia akiomba kwa sauti ndogo, afisa akasoma cheti, akahesabu kwa kalamu hewani, akaenda kumwuliza mkubwa wake, akarudi. Dada akageuka kunitazama, akainua vidole kumi. Watu wa chumba kizima wakadhani ananiaga.

Zamu yetu ilifika baada ya saa mbili na nusu. Afisa mwanamke, mtu mzima, miwani ya kusomea kwenye ncha ya pua. Akauliza alipo mume wangu, tulioana lini, kadi zitumwe anwani gani. Nikaisoma anwani ya Columbus kutoka kwenye kiganja changu, maana nambari ya nyumba sikuiamini kichwani. Nikatia sahihi kwenye kioo kidogo, nikaweka kidole. Eksirei hakuiuliza. Sidii ile nimeibeba kutoka Mombasa kama yai, hakuna aliyetaka hata kuiona.

Ndimu alizichukua. Leso akanirudishia.

Kisha akafungua ukurasa wa viza, akavuta muhuri uliokuwa chini ya karatasi, akaugonga. Mlio mdogo tu, kama wa kufunga sanduku la sabuni. Akaandika kwa mkono IR1. Akafungua ya mtoto, akagonga, akaandika IR2. Akanisukumia zote mbili.

Nilibaki nimesimama. Nilikuwa nangoja kitu, sijui nini, labda karatasi ya kusaini, labda mtu wa kuniapisha. Nikamwuliza, "Sasa ukaazi wangu unaanza lini? Kadi ikija?"

Akavua miwani. "Umeanza sasa hivi," akasema. "Kadi ni kadi tu. Karibuni."

Saa ya ukutani ilikuwa saa 3:42 asubuhi. Nyumbani jioni, mamangu anasubiri Magharibi. Ndiyo karibu aliyoisema.

Kwa mtoto mambo ni tofauti kidogo, na hili ndilo lililonishangaza kuliko yote. Kwa sheria yao ya mwaka 2000, mtoto wa raia aliye chini ya miaka 18, akishakubaliwa kuingia kama mkaazi wa kudumu na akawa anaishi na mzazi wake raia chini ya ulezi wake, anakuwa raia papo kwa papo. Haombi, haapi, hafanyi mtihani. Mimi nitangoja miaka. Yeye alisimama nami kwenye kaunta ile ile, muhuri ule ule, akatoka mlangoni akamkimbilia babake aliyekuwa nyuma ya kamba na makoti mawili mkononi. Mume wangu hudai kwamba binti yetu alikuwa mkaazi wa kudumu kwa hatua kama arobaini tu, kutoka pale kwenye kaunta mpaka kwenye kamba. Si hesabu ya mwanasheria, lakini anaipenda, na amewasimulia watu wote wa msikitini.

Usiku wa siku hiyo hiyo. Njiani

Alikuja kwa gari, kaendesha usiku kucha, akataka kurudi mchana huo huo ili kesho kutwa awe kazini. Karibu kilomita 870. New Jersey sikuiona, nililala. Pennsylvania ilinikataa usingizi kwa milima: barabara ya kulipia inapasua chini yake kwa mahandaki manne, na kila tulipozama mtoto alisema "usiku", tulipotoka akasema "asubuhi". Theluji ilikuwa vilimani tu, kwenye upande usiopata jua, chafu kidogo, kama pamba iliyoanguka sokoni. Nilitaka tusimame niiguse. Tuliposimama kwenye kituo cha mafuta hapakuwa na theluji, palikuwa na upepo. Koti la jina likanyanyuliwa mpaka shingoni.

Tuliingia Columbus saa 5 usiku.

Jumatano, 8 Machi. Columbus, Ohio

Fleti ya vyumba viwili, ghorofa ya pili. Chini kuna ukuta wa visanduku vya barua, kila nyumba na kisanduku chake na ufunguo mdogo kama wa kasha la bibi. Jambo la kwanza alilofanya mume wangu kabla hata ya kunionyesha jiko: alichukua kipande cha plasta nyeupe, akaandika jina langu kamili na la mtoto kama yalivyo kwenye pasipoti, akabandika ndani ya kisanduku chini ya jina lake. Mpeleka barua akikuta jina asilolijua anairudisha barua ilikotoka. Kadi za watu wengi zimepotea hivyo. Miaka kumi ya ndoa ya simu, na nimekuja kuona jina langu kwake kwa mara ya kwanza kwenye plasta. (Minane, ananisahihisha.)

Jumapili, 12 Machi. Columbus

Wamesogeza saa mbele usiku, saa nzima imepotea na hakuna anayelalamika. Nilipiga simu nyumbani kwa hesabu ya jana, nikamkuta mamangu hata hajala bado. Tofauti ilikuwa saa nane, sasa saba.

Alhamisi, 16 Machi. Columbus

Siku mbaya, imeishia vizuri.

Mji huu umezungukwa na maghala, na jirani yetu Msomali aliniambia kuna ghala moja linataka watu wa kufunga vifurushi. Nikaenda na pasipoti. Karani wa ajira akaipokea, akaifungua, akaifunga. "Grinikadi?" Nikamwambia haijafika, ila viza imegongwa muhuri na ni ushahidi wa ukaazi kwa mwaka mzima. Akasema wao wanahitaji kadi. Rudi ukishakuwa nayo.

Nilitoka mpaka kwenye maegesho. Nikajiona Kibokoni, vigelegele dirishani. Kule walidhani nimeshapata kabla sijapata. Huku nimeshapata, wanadhani bado. Nikageuka.

Nilifungua ukurasa mezani pake nikaweka kidole kwenye ule mstari wa herufi kubwa, nikausogeza neno kwa neno kama ninavyomfundisha mtoto juzuu. Halafu muhuri, halafu tarehe. Nikamwomba, kwa adabu, ampigie mtu anayejua. Akaondoka na pasipoti yangu kwa dakika ishirini ambazo sitaki kuzirudia. Aliporudi alikuwa ametoa nakala. Pasipoti ya kigeni yenye viza ya aina hii iliyogongwa muhuri imo kwenye orodha yao wenyewe ya vitambulisho vya kuajiriwa, ile safu ya kwanza, unayotosheka nayo bila cheti kingine. Naanza Jumatatu, zamu ya asubuhi.

Hakuniomba radhi. Alinipa kofia yenye nembo.

Alhamisi, 23 Machi. Columbus

Ramadhani ya kwanza hapa. Halua ya mamangu ndiyo tuliyofuturia, nimeikata vipande vidogo ifike hata kumi la kati.

Jumanne, 28 Machi. Columbus

Kadi za hifadhi ya jamii zimekuja kwa posta, yangu na ya mtoto, karatasi nyepesi ya buluu, hata risiti ya duka la dawa kwetu ni nzito kuliko hii. Tuliziomba kwenye fomu ya viza tangu kabla ya usaili, kwa hiyo hatukwenda ofisi yoyote. Mume wangu hakuniruhusu niiweke kwenye pochi. Imefungiwa.

Jumatatu, 24 Aprili. Columbus

Idi imepita Ijumaa. Leo natoka kazini nafungua kisanduku, bahasha mbili nyeupe, ngumu katikati. Nilizifungua pale pale ngazini, mtu na viatu vyake vya chuma.

Kwa hiyo hii ndiyo grinikadi. Nzuri, ina vivuli na sura yangu mara mbili. Nikaipindua kutafuta tarehe, nikaiona: mkaazi tangu 03/07/23.

Tatu Julai! Nilihisi damu inashuka. Leo ni Aprili, Julai haijafika. Nimefanya kazi mwezi mzima, nimemkabili karani yule, kumbe ukaazi wangu unaanza Julai? Nikapanda ngazi mbili mbili, nikamwamsha mtu aliyelala baada ya zamu. Akaisogeza kadi mbali na macho, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa.

"Huku mwezi unatangulia," akasema. "Tatu ni Machi. Saba ndiyo siku."

Machi saba. Siku ya ndimu. Nikaitoa pasipoti nikaweka kadi kando ya muhuri, tarehe kwa tarehe, na bado nilimfanya asome zote mbili kwa sauti.

Kwa kuwa yeye ni raia na tunaishi pamoja, mimi nahesabiwa miaka 3 kuanzia siku hiyo, si 5. Na fomu inaruhusiwa kupelekwa siku 90 kabla. Amekwisha iandika kwenye kalenda ya simu yake: 7 Desemba 2025.

Mtoto alitaka kujua kadi yake ya nini ikiwa yeye, kwa maneno ya babake, aliimaliza kwa hatua arobaini. Babake akamwambia ni ya kuthibitisha hatua hizo. Jumamosi tuna miadi posta kumwombea pasipoti ya Marekani, na wazazi wote wawili lazima tuwepo kwa kuwa hajafika miaka 16. Tunabeba cheti chake cha kuzaliwa cha Mombasa, cheti chetu cha ndoa, cheti cha uraia cha babake, na kadi hii. Picha tumeshapiga dukani. Mpiga picha alimwambia asitabasamu, akafumba mdomo kwa nguvu kuficha pengo, na ndivyo alivyotoka, mashavu yamejaa kama mtu aliyeficha ndimu.